Hati ya Dharura na Siku 21: Historia ya Miswada ya Haraka Tanzania

Muswada wa sheria wa Serikali nchini Tanzania hautakiwi kuibukia bungeni. Kanuni za Kudumu za Bunge zinaelekeza uchapishwe kwanza katika Gazeti la Serikali, pamoja na maelezo ya madhumuni na sababu zake, angalau siku 21 kabla ya kusomwa kwa mara ya kwanza. Ukishasomwa hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, kamati huita wadau na kusikiliza maoni yao, kisha muswada hurudi ukumbini kujadiliwa katika kusomwa kwa mara ya pili. Hupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, husomwa mara ya tatu, ndipo huenda kwa Rais kungoja kibali. Katika mlolongo huo wote, mwananchi wa kawaida ana hatua moja tu anayoweza kuiita yake, nayo ni hiyo ya mwanzo. Kamati haikumwita wala hana nauli ya Dodoma, lakini anazo wiki tatu za kuupata muswada, kuusoma au kusomewa, na kumtafuta mbunge wake.

Wiki tatu hizo hazina uzito sawa kila mahali. Mwanasheria mwenye ofisi Dodoma au Dar es Salaam huweza kupata nakala mchana na kuandika maoni usiku. Mwigobero, kata iliyo ufukweni mwa Ziwa Viktoria mjini Musoma, mambo yanakwenda kwa mwendo mwingine. Hapo pana mwalo, soko, na boti zinazovusha watu na mizigo Ghuba ya Mara kwenda Kinesi, wilayani Rorya. Karibu kila kinachofanyika hapo kina sheria yake: ukubwa wa tundu la wavu, leseni ya chombo, ukaguzi wa usalama wa boti, ushuru wa soko, tozo za bandari. Sheria ikibadilishwa kwa wiki moja, habari zake hufika mwaloni zikiwa zimekwisha kugeuka kuwa faini.

Kanuni zenyewe zina mlango wa uani. Rais akitia saini hati inayoeleza kwamba muswada fulani ni wa dharura, na hati hiyo ikafikishwa kwa Spika, sharti la siku 21 huondoka. Muswada unaweza kuchapishwa wiki hii, kusomwa mara ya kwanza, kupitishwa kwenye kamati na kumalizwa wiki ijayo. Hati hiyo ndiyo inayoitwa hati ya dharura, na historia ya njia za mkato katika kutunga sheria Tanzania ni, kwa sehemu kubwa, historia yake. Pembeni yake zimekua njia nyingine mbili zisizohitaji saini ya Rais: muswada mmoja unaobeba marekebisho ya sheria nyingi zisizohusiana, na jedwali la marekebisho linaloletwa mezani dakika za mwisho.

Kwingineko duniani ujanja wa namna hii huwa mikononi mwa wabunge wenyewe. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, bunge la jimbo huwa na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha miswada, na mbunge asiyejua bado anataka nini huwasilisha muswada wa kushika nafasi: una kichwa na namba, pengine na sentensi moja isiyobadili kitu. Ni kama ndoo inayotangulizwa kwenye foleni ya bomba huku mwenyewe akiwa bado nyumbani. Katiba ya jimbo la Washington inakataza kujadili muswada uliowasilishwa zikiwa zimebaki siku chini ya 10 kikao kufungwa, isipokuwa kwa kura ya theluthi mbili, na wabunge wa huko wamezoea kuweka akiba ya miswada yenye kichwa kitupu ili siku hizo zikifika wawe na pa kumimina maneno. California muswada hauwezi kujadiliwa kabla ya siku 30 tangu uwasilishwe. Huko miswada mitupu ilijaa, na mingine ikatolewa matumbo na kujazwa mambo mapya usiku wa mwisho wa kikao, hadi wapiga kura walipoamua mwaka 2016 kwamba maandishi ya mwisho lazima yakae hadharani saa 72 kabla ya kura. Hawaii suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwaka 2021 ilisema kusomwa mara tatu kuna maana pale tu kinachosomwa mara zote tatu kinapokuwa jambo lile lile. Hata Westminster, ambako mabunge ya Afrika Mashariki yalichukua taratibu zake nyingi, wabunge walioshinda bahati nasibu ya miswada binafsi huruhusiwa kuwasilisha kichwa kwanza na maandishi baadaye.

Bunge la Tanzania halijaujua sana ujanja huo, na sababu yake haipendezi. Muswada wa kushika nafasi una faida kwa mbunge mwenye nguvu ya kuanzisha sheria. Nchini Tanzania miswada binafsi ni michache mno, Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia jambo la kodi au matumizi ya fedha za umma bila Rais kulipendekeza kupitia kwa waziri, na ratiba ya mkutano wa Bunge hufuata shughuli za Serikali. Mwenye haraka, mara zote, ni Serikali. Kwa hiyo njia ya mkato nayo imejengwa upande wa Serikali, na ufunguo wake uko Ikulu.

Chanzo ni cha kikoloni. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, LEGCO, lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Wajumbe wote waliteuliwa na gavana, wengi wao wakiwa maofisa wake, na Mwafrika wa kwanza hakuingia hadi mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Katika chombo cha namna hiyo haraka haikuhitaji hila, kwani gavana alikuwa na kura kabla mjadala haujaanza. Julius Nyerere wa Butiama aliteuliwa humo mwaka 1957 na kujiuzulu Desemba mwaka huo huo, baada ya miezi michache tu, akiona kwamba mapendekezo ya chama chake, TANU, hayakuwa na nafasi ya kupita.

Uhuru ulibadili waliokuwa wamekaa vitini kuliko ulivyobadili mwendo wa kazi. Mwaka 1962, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Miaka miwili baadaye lilifanya jambo ambalo hakuna hati ya dharura iliyowahi kulipita kwa ukubwa. Hati za Muungano kati ya Tanganyika na Zanzibar zilitiwa saini na Nyerere na Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964. Tarehe 25 Bunge la Tanganyika liliziridhia, na tarehe 26 ikawepo dola mpya. Kati ya saini na kuzaliwa kwa nchi zilipita siku nne. Upande wa Zanzibar, swali la kama Baraza la Mapinduzi liliziridhia hati hizo kwa utaratibu limeendelea kuzua ubishi wa wanasheria hadi leo. Si rahisi kusema kwamba haraka ile haikuwa na sababu, maana Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na miezi mitatu tu na vita baridi vilikuwa vimefika mlangoni. Lakini mfano uliwekwa: jambo kubwa kuliko yote linaweza kupita kwa kikao kimoja.

Ukafuata mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, kesho yake Nyerere akatangaza kutaifishwa kwa mabenki, na ndani ya mwezi huo huo Bunge likapitisha sheria za kuunda Benki ya Taifa ya Biashara na mashirika mengine yaliyochukua mali zilizotaifishwa. Hapa sheria ilikuja baada ya tendo na kulivika nguo. Kwa serikali iliyoogopa fedha zisihamishwe nje, siku 21 za kutoa taarifa zingekuwa mwaliko kwa wenye mabenki. Huo ndio mfano bora zaidi wa dharura halisi katika historia ya Bunge la Tanzania, na watetezi wa hati ya dharura wangeweza kuutaja bila aibu.

Katika miaka ya chama kimoja suala la muda karibu litoweke. Uamuzi ulifanyika kwenye Halmashauri Kuu ya chama, na tangu mwaka 1975 ukuu wa chama ukaandikwa hadi kwenye Katiba. Bunge lilikuwa mahali pa kuandika kisheria kilichokwisha kuamuliwa, na kuharakisha au kuchelewesha hakukubadili matokeo. Katiba ya kudumu yenyewe ilipitishwa na Bunge Maalumu tarehe 25 Aprili 1977. Bunge hilo liliundwa na wabunge wale wale waliokuwepo, na mwananchi hakuwa ameulizwa.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, muda ukawa na bei tena. Aliyelionyesha hilo waziwazi ni Mchungaji Christopher Mtikila, aliyefungua kesi Mahakama Kuu mjini Dodoma mwaka 1993 akidai, pamoja na mambo mengine, haki ya raia kugombea uongozi bila kupitia chama chochote. Kesi ikiwa bado mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, Serikali ilipeleka bungeni, tarehe 16 Oktoba 1994, muswada wa mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, uliolenga kuifunga haki ile ile iliyokuwa ikibishaniwa. Tarehe 24 Oktoba jaji alitoa hukumu: mgombea binafsi anaruhusiwa. Tarehe 2 Desemba Bunge lilipitisha muswada, na Januari 17 mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi akaukubali. Ushindi wa mahakamani ukawa umefutwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambao ndio uliokuwa na maana kwake. Mwalimu Nyerere, wakati huo akiwa amestaafu na kurudi Butiama, aliupinga hadharani msimamo wa kumnyima raia haki ya kugombea kwa sababu tu hana chama.

Katika mbio hizo kati ya jaji na Bunge kuna somo la kiufundi ambalo Serikali zilizofuata hazikulisahau: kesi inachukua miaka, muswada unaweza kuchukua wiki. Mtikila aliendelea. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo ni la kisiasa na ni kazi ya Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba haki zilivunjwa. Sharti la chama limebaki ndani ya Katiba.

Samuel Sitta alipokuwa Spika, kati ya mwaka 2005 na 2010, Bunge lilijiandikia Kanuni mpya za mwaka 2007 zilizoipa kamati nguvu zaidi na mwananchi nafasi iliyo wazi zaidi ya kusikilizwa. Ndipo hati ya dharura ikaanza kuonekana kwa macho. Muda wa kawaida ulipoandikwa vizuri, kila alipouruka mtu ilijulikana kaupita wapi.

Mwaka 2011 ulitoa jaribio la kwanza kubwa, na ni mojawapo ya mara chache ambazo mwananchi alishinda. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilileta muswada wa kusimamia mchakato wa Katiba mpya, ukiwa kwa Kiingereza na ukiwa chini ya hati ya dharura. Watu walishindwa kuelewa dharura ilitoka wapi katika kazi ya kuandika katiba. Mikutano ya kukusanya maoni Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar ilifurika watu wenye hasira, na Aprili mwaka huo Spika Anne Makinda na Serikali walirudi nyuma. Hati ya dharura iliondolewa, muswada ukatafsiriwa kwa Kiswahili, ukarudi bungeni na kupitishwa Novemba. Miezi hiyo saba ndiyo iliyozaa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoteuliwa mwaka 2012 chini ya Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda, na ikazunguka nchi nzima kuuliza watu. Kilichoipata rasimu ya Warioba katika Bunge Maalumu la mwaka 2014 ni habari nyingine, lakini angalau sheria iliyoiunda tume ilikuwa imesomwa na watu kwa lugha yao.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 2015, mwaka wa uchaguzi, hati za dharura zilimiminika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa tarehe 1 Aprili. Mwishoni mwa Juni ikaletwa miswada mitatu kwa mpigo: wa petroli, wa kusimamia mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi katika tasnia ya uziduaji. Wapinzani walidai muda. Ukumbi ulichafuka, wabunge wao kwa makumi wakasimamishwa, na miswada ikapita mwanzoni mwa Julai viti vya upande mmoja vikiwa vitupu. Bunge lilivunjwa tarehe 9 Julai. Hivyo muswada wa kulazimisha uwazi katika mikataba ya gesi ulipita bila uwazi wowote wa maana.

Hapa ndipo tarehe ya mwisho, ambayo Tanzania haina kwa miswada, ilipojitokeza kwa sura nyingine: Bunge linapokaribia kuvunjwa, kila wizara yenye muswada hukimbilia mlangoni. Kenya iliwahi kujifunga kwa kalenda kali zaidi. Katiba ya mwaka 2010 iliandika ndani yake orodha ya sheria na muda wa kuzitunga, kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Tarehe 27 Agosti 2011 ilipofika, wabunge walikuwa wamepitisha rundo la miswada katika siku za mwisho, na Rais Mwai Kibaki akaitia saini siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, ikapatikana Sheria ya Uongozi na Maadili, ikiwa imeng'olewa meno kadhaa njiani. Sheria hiyo inakaribia sana muswada wa kushika nafasi: tarehe ilitimizwa, kazi ikabaki. Na sharti la uwiano wa jinsia bungeni halikutimizwa hata baada ya muda kuongezwa, hadi Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais, Septemba 2020, avunje Bunge.

Uganda nayo ilitoa funzo la kimahakama ambalo Tanzania haijawahi kulipata. Katiba ya Uganda inataka kura za kusomwa mara ya pili na mara ya tatu kwa muswada wa kubadili Katiba zitenganishwe kwa siku 14 za vikao. Mwishoni mwa Agosti 2000 Bunge la Uganda lilipitisha mabadiliko ya Katiba kwa kasi isiyojali sharti hilo, na Januari 2004 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikayabatilisha, katika kesi iliyofunguliwa na Paul Ssemogerere na wenzake. Tofauti iko kwenye maandishi: siku 14 za Uganda ziko ndani ya Katiba, siku 21 za Tanzania ziko ndani ya kanuni ambazo Bunge lenyewe hutunga, na ambazo zenyewe zinaruhusu zirukwe.

Mwaka 2017 hati ya dharura iliufikia mkoa wa Mara moja kwa moja. Kamati mbili za Rais John Magufuli kuhusu mchanga wa madini, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zilitoa taarifa zao Mei na Juni. Mwishoni mwa Juni Serikali ilileta miswada mitatu: wa mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasili zake, wa kupitia upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili, na wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Mkutano wa bajeti uliongezewa siku, na mapema Julai yote ikapita. Miswada miwili ya kwanza ndiyo iliyopigiwa makofi, lakini wa tatu, wenye jina lisilovutia, ndio uliobadili Sheria ya Madini ya 2010: mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo katika migodi mikubwa. Mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo, Tarime, leo unamilikiwa asilimia 84 na kampuni ya Barrick na asilimia 16 na Serikali. Wengi Mara waliona ni haki iliyochelewa, na si ajabu. Swali lililobaki ni la utaratibu: wanakijiji wa Nyamongo, waliokuwa na malalamiko ya miaka mingi kuhusu fidia na maji, hawakupata wiki tatu za kusema nini kingine kiingizwe.

Muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio chombo kilichotumika zaidi. Asili yake ni ya kawaida kabisa. Sheria huwa na makosa ya chapa, majina ya wizara yaliyobadilika, faini zilizopitwa na wakati, na ni upuuzi kuleta muswada mzima kwa kila neno moja. Mwanasheria Mkuu wa Serikali hukusanya marekebisho hayo pamoja na kuyaleta kwa mkupuo, mara moja au zaidi kwa mwaka, kila muswada ukipewa namba. Tatizo huanza pale kifungu kinachobadili haki za watu kinapokaa katikati ya marekebisho ya nukta na mkato. Kichwa cha muswada hakisemi kitu, kwa hiyo mvuvi, msanii au kiongozi wa kikundi cha akina mama hana namna ya kujua kwamba zamu yake imefika. Kwa maana hiyo kazi inayofanywa Marekani na kichwa kitupu, Tanzania hufanywa na kichwa kipana.

Mfano uliokamilika ni muswada namba 3 wa mwaka 2019. Ulichapishwa Juni chini ya hati ya dharura na haukutimiza wiki mbili ukapitishwa, tarehe 27. Uligusa sheria nane: ya makampuni, ya hakimiliki, ya filamu na michezo ya kuigiza, ya mashirika yasiyo ya kiserikali, ya vyama vya kijamii, ya takwimu, ya wakala wa meli, na ya usajili wa wadhamini. Asasi nyingi ndogo zilizokuwa zimesajiliwa kama kampuni zisizogawana faida zilitakiwa, ndani ya muda mfupi, kuhamia kwa msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali au kufutwa. Ndani ya muswada huo huo kulikuwa na nafuu: marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliondoa makali yaliyowekwa mwaka uliotangulia dhidi ya watu wanaotoa takwimu tofauti na za Serikali. Mbunge aliyetaka nafuu hiyo alilazimika kumeza na kibano cha asasi. Na sheria ya wakala wa meli, ile inayounda shirika linalokagua usalama wa vyombo hadi boti za Mwigobero, ilisafiri katikati ya filamu na takwimu ambapo hakuna mwenye boti ambaye angefikiria kuitafuta.

Juu ya hayo kuna jedwali la marekebisho. Baada ya kamati kumaliza kazi, waziri au Mwanasheria Mkuu anaweza kuleta karatasi yenye mabadiliko ya vifungu, na Kamati ya Bunge Zima ikayapitisha siku hiyo hiyo. Mara nyingi jedwali ndiyo njia ambayo maoni ya wadau huingia kwenye sheria, na kulilaumu lote ni kukosea. Lakini kilichoingizwa kwa jedwali hakikuwahi kuchapishwa kwenye Gazeti hata siku moja. Uganda, mwaka 2017, muswada wa kuondoa kikomo cha umri wa Rais uliongezewa njiani kipengele cha kurefusha muda wa wabunge wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba, ikikaa Mbale, ikakifuta.

Tanzania mlango wa mahakama ulikuwa umeanza kufinywa. Tarehe 10 Juni 2020, siku sita kabla ya Rais kulivunja Bunge, ulipitishwa muswada mwingine namba 3 wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ulioirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi. Tangu hapo anayefungua shauri la kikatiba alitakiwa kuapa kwamba jambo hilo limemuathiri yeye binafsi. Kesi ya aina ya Mtikila, ya raia anayesema kwa niaba ya wengine, ndiyo iliyolengwa. Mabadiliko hayo yalipelekwa mahakamani nayo.

Mwaka uliofuata haraka ilifanya kazi ya kinyume chake, na chanzo kilikuwa Musoma. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara, wakati lugha ya hukumu za mahakama za juu ilikuwa Kiingereza. Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alimsifu na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Ndani ya mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Yalikuja kwa chombo kile kile cha marekebisho ya sheria mbalimbali, na ilikuwa moja ya mara chache ambapo waliorukwa na wiki tatu ndio waliofaidika zaidi.

Bandari zilikuja mwaka 2023, si kwa muswada bali kwa azimio la kuridhia mkataba, ambalo halina hata ulinzi wa siku 21. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yalihusu bandari za bahari na za maziwa, na Musoma ni mojawapo ya bandari za ziwa zilizo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Ofisi ya Bunge ilitoa tangazo la kualika maoni tarehe 5 Juni, maoni yakasikilizwa Dodoma tarehe 6, na azimio likapita tarehe 10. Basi la kutoka Musoma asubuhi ya tangazo lingefika Dodoma ukiwa umebaki muda wa kutafuta ukumbi tu. Mjadala uliotakiwa kutangulia ulikuja baadaye, mitandaoni, makanisani na misikitini, kwa miezi kadhaa, na kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu Mbeya ilitupwa Agosti.

Athari moja ya miaka hiyo yote ya marekebisho ya mkupuo ni ya kila siku zaidi, na haihusu mjadala bali usomaji. Toleo la sheria zilizorekebishwa lililotumika kama msingi lilikuwa la mwaka 2002. Sheria iliyoguswa mara tano na miswada mitano ya sheria mbalimbali ilikuwa na maandishi yake yametawanyika katika vitabu sita, na aliyetaka kujua kifungu kinasemaje leo alipaswa kuviunganisha mwenyewe. Toleo jipya la urekebu, la mwaka 2023, lililoyakusanya marekebisho hayo katika maandishi mamoja, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kanuni inayoruhusu hati ya dharura haikuguswa nalo, kwa kuwa Kanuni za Bunge hazimo katika vitabu hivyo.